Kasha la kamera kwa kazi ya ziwani: kisa cha wakusanyaji wa samaki wa mapambo, Kigoma

Usuli

Kundi linalozungumziwa hapa hukusanya samaki wa mapambo upande wa Kigoma wa Ziwa Tanganyika na kuwauza nje kwa oda. Majina ya watu, mwalo wao na nchi ya mnunuzi vimeondolewa. Yanayohusu kamera, maji na uamuzi uliofanyika yameachwa jinsi yalivyotokea. Msimamizi ni mwanamke, na vijana wote wanamwita Dada. Wazamiaji ni wawili: mtu mzima anayejulikana kama Mzee, na mpwa wake, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kamera. Mimi hutengeneza na kuuza kamera hapa mjini, na niliitwa kutoa ushauri baada ya jaribio lao la kwanza kugonga mwamba.

Mtu anaweza kula dagaa na migebuka ya Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, maisha yake yote asiwajue samaki hawa. Ni wadogo, wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na sato na perege, na ziwa letu lina aina zaidi ya 200 ambazo karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Waliokuwa wakitafutwa safari hii ni Tropheus duboisi. Wakiwa wachanga ni weusi wenye madoa meupe. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka samawati na kiuno kinavaa mkanda mmoja. Mkanda huo ndio bei. Tropheus hung'ang'ania miamba yao, hula mwani uliogandia mawe na hawapendi kuvuka mchanga mpana, kwa hiyo kila kipande cha pwani yenye mawe huwa na samaki wa rangi yake. Kwa duboisi, kuna pwani ambako mkanda ni mweupe na kuna ambako ni wa njano. Aliyelipia wa njano hataki kufungua boksi akute mweupe.

Mnunuzi akaomba picha za samaki wakiwa ziwani, palepale wanapokusanywa. Alikuwa na haki. Samaki aliyeshinda kwenye beseni anakuwa mweusi kwa hofu au anapauka, na picha ya beseni haimwonyeshi mtu aliye mbali samaki huyo katoka mwamba gani.

Kundi lilikuwa tayari na kamera, Canon PowerShot G7 X Mark II, waliyoinunua ikiwa imetumika kwa ajili ya kupiga samaki kwenye matangi ya kioo. Ni kamera ndogo, toleo la 2016, yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha) ya inchi moja na lensi inayoona eneo pana ikiwa milimita 24 na kuvuta karibu hadi 100. Kwenye nchi kavu haina ubishi. Ikiguswa na maji imekufa.

Jaribio la kwanza

Kabla ya kutumia fedha, mpwa alijaribu simu ndani ya mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni, ule unaouzwa kwa watu wa ufukweni. Mfuko haukuvuja. Tatizo lilikuwa kioo cha simu: juu ya maji kilisikia kidole, kikishazama hakikusikia chochote, kwa sababu vioo hivi hutambua umeme mdogo wa ngozi na maji yanauvuruga. Akabuni kuanzisha video akiwa juu, kisha azame nayo. Mita kama tatu chini, msukumo wa maji ukaubana mfuko hadi plastiki ikaganda kwenye kioo na kuanza kubonyeza yenyewe. Video ilikatika, kamera ya mbele ikawaka, na kilichopatikana ni sura ya mpwa mwenyewe na mapovu mengi.

Njia zilizokuwa mezani

Nilipofika, mjadala ulikuwa umekwama kwenye namba ya mita. Mpwa alikuwa ameona tangazo la kasha la mita 60, yaani boksi lisilopitisha maji ambalo kamera hufungiwa ndani na kuzamishwa hadi kina hicho, na alilitaka hilo hilo. Mzee akamuuliza, "Mwanangu, sisi tunakusanya mita ngapi?" Jibu lilikuwa mita nne hadi nane, mara chache kumi. Tukaanzia hapo.

Mfuko laini wa kamera ulikuwa wa bei nafuu kuliko vyote. Unafaa mtu anayeogelea juujuu, lakini unabanwa na maji kama ulivyobanwa ule wa simu, na vitufe vya kamera hii ni vidogo mno kutafutwa kwa kupapasa juu ya plastiki. Tuliuweka kando haraka.

Makasha ya alumini ni mazuri kweli. Mengine huruhusu hewa kunyonywa ndani kabla ya kuzama, na taa ndogo inakuonya iwapo kuna mahali panapovuja ukiwa bado kwenye boti. Lakini bei ya kasha la namna hiyo inaweza kuipita bei ya kamera yenyewe, na kwa kazi ya mita nane ni kununua lori la kubebea kapu.

Njia ya tatu ilikuwa kuiacha Canon na kununua Olympus TG-6. Hii imejengwa kuzama bila kasha hadi mita 15, na ina uwezo ambao Canon haina: inaweza kufokasi kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lensi. Kwa mita nne hadi nane ingetosha kabisa. Kasoro yake ni sensa ndogo. Kwenye kivuli cha mwamba picha zake huchafuka mapema. Pia ingegharimu zaidi ya milioni moja, na kamera waliyo nayo ingebaki ya matangini tu.

Ya nne ni kasha la plastiki ngumu lililotengenezwa na Canon wenyewe mahsusi kwa kamera hiyo, la mita 40. Lililotumika lilikuwa likipatikana kwa laki sita na ushee.

Dada alichagua la nne. Sababu zake alizitaja mwenyewe: kamera ipo tayari, mpwa ameshaizoea, na inahifadhi picha ghafi zinazoruhusu rangi kurekebishwa kwenye kompyuta bila kuharibika. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishawishi na mimi. Katika kazi ambayo bei inasimama kwenye njano ya mkanda, rangi ina uzito kuliko kina.

Kununua

Makasha ya namna hii hayana saizi ya jumla. Kila kitufe cha kamera kina chuma chake kwenye kasha kinachokisukuma, na kamera ikisogea milimita mbili, chuma kinabonyeza hewa. Muuzaji wa kwanza, wa Dar es Salaam, alisema analo la G7 X na kwamba "zote zinaingiliana". Dada hakubishana naye. Alimwomba atume picha ya maandishi ya mgongoni mwa kasha. Ikaja: WP-DC54. Hilo ni la G7 X ya kwanza, ya 2014. Mark II inataka WP-DC55, kwa kuwa umbo la mwili na mpangilio wa vitufe vilibadilishwa. Biashara ikaishia hapo, na bahati nzuri fedha ilikuwa bado haijatumwa.

La pili lilipatikana kwa mtu aliyeacha kuzamia. Namba ilikuwa sahihi. Dada alitaka picha tatu zaidi: kioo cha mbele kikiwa mbele ya dirisha, ili mikwaruzo ionekane, bawaba na komeo kwa karibu, na oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji mlangoni, ikiwa imetolewa kwenye mfereji wake. Ya tatu ndiyo iliyotoa taarifa. Oringi ilikuwa imelala bapa upande mmoja. Kasha lilikuwa limehifadhiwa likiwa limefungwa kwa muda mrefu, na mpira uliobanwa muda wote huo husahau uduara wake. Tulishauri anunue kwa sharti kwamba bei ishuke kwa thamani ya oringi mpya, na oringi hiyo iagizwe palepale pamoja na grisi yake. Muuzaji alishusha bei. Oringi mpya iliagizwa. Grisi ikasahauliwa, na hilo tutalirudia.

Mzigo ulikuja kwa basi.

Kujaribu kasha tupu

Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kamera ndani kabla kasha halijathibitishwa. Kwanza mpwa alitoa oringi ya zamani, akafuta mfereji kwa kitambaa laini, akaweka mpya, akafunga kasha likiwa na karatasi ya chooni iliyokunjwa ndani. Likazamishwa kwenye ndoo, likabonyezwa vitufe vyote mara nyingi, kwa kuwa kila kitufe kina oringi yake ndogo na maji yanaweza kupenya hapo. Karatasi ilitoka kavu.

Siku iliyofuata lilishushwa toka kwenye boti likiwa limefungwa jiwe, kwa kamba iliyopigwa fundo kila mita moja. Lilipandishwa toka mita kumi na karatasi ilikuwa na doa la unyevu kona ya chini, karibu na bawaba.

Hapa ndipo watu wengi hutupa kasha au kununua silikoni ya fundi bomba wapakae pembeni. Mzee alichukua tochi na kupita nayo polepole juu ya oringi huku akiigeuza kwa kidole. Kwenye kona hiyo hiyo kulikuwa na uzi mmoja mwembamba wa rangi ya machungwa, umelala kukatisha mpira. Ulikuwa umetoka kwenye kanga ambayo kasha lilifungiwa ndani yake kwenye boti. Uzi ukatolewa, kasha likashushwa tena, karatasi ikarudi kavu.

Watu hushangaa nikiwaambia kuwa kina kirefu si mahali ambapo makasha mengi huvujia. Kila mita kumi za maji huongeza takribani kilo moja ya msukumo kwa kila sentimita ya mraba. Mlango wa kasha kama hili, wenye eneo la sentimita za mraba mia moja hivi, kwenye mita kumi unasukumwa kwa uzito wa kilo mia. Msukumo huo unaukandamiza mlango juu ya oringi na kuziba vizuri zaidi. Juujuu, mita moja au mbili, kinachoushika mlango ni komeo peke yake, na hapo ndipo uzi au punje ya mchanga hupata nafasi yake. Kwa hiyo namba ya mita 60 iliyomvutia mpwa isingemsaidia chochote dhidi ya uzi wa kanga.

Kazi yenyewe

Picha za mwanzo zilikuwa na ukungu. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye kasha saa sita mchana, ndani ya boti, hewa ikiwa na unyevu na jua likichoma. Kasha lilipoingia kwenye maji ya nyuzi 25 au 26, kioo cha mbele kikapoa ghafla na unyevu uliokuwa ndani ukagandia hapo. Dawa yake haikugharimu kitu. Kamera ikawa inafungiwa ndani ya kasha alfajiri, ndani ya nyumba, pamoja na vile vipakti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikiwa vimeanikwa juani jana yake. Kwenye boti kasha hukaa kwenye kivuli, chini ya kitambaa kibichi. Ukungu haukurudi.

Suala la rangi lilichukua muda zaidi. Maji hula mwanga mwekundu kwanza. Kufika mita tano sehemu kubwa yake imeshapotea, kisha rangi ya machungwa inafuata, na njano hudumu zaidi lakini hubaki imepauka ndani ya mwanga wa samawati na kijani. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, mkanda wa njano wa duboisi ulitoka rangi isiyoeleweka, kama krimu ya kijani, na huwezi kumlaumu mnunuzi akisema ni mweupe. Flashi ya kamera ilijaribiwa na kukataliwa siku hiyo hiyo. Iko karibu mno na lensi, hivyo inamulika kila chembe inayoelea kati ya kamera na samaki, na picha nzima inajaa vidoa vyeupe.

Kilichofanya kazi ni sahani ya plastiki nyeupe, ya jikoni kwa Dada. Mpwa alishuka nayo hadi kina cha kazi, akaipiga picha ikiwa imejaa fremu, na kuiambia kamera kwamba hiyo ndiyo nyeupe. Kila waliposhuka au kupanda mita mbili hivi, alirudia. Sahani ikaonekana nyeupe pichani, na mkanda wa njano ukawa wa njano. Mzee akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria: sahani iwekwe pembeni mwa fremu katika picha moja ya kila mwamba na itumwe pamoja na nyingine, ili mnunuzi aone mwenyewe kwamba rangi haikupikwa kwenye kompyuta.

Umbali nao ulihitaji kufundishwa. Kioo cha mbele cha kasha ni bapa, na mwanga ukitoka kwenye maji kuingia hewani unapinda, hivyo kila kitu huonekana karibu zaidi kwa robo na lensi ya milimita 24 inafanya kazi kama ya 32. Anayepiga picha anajiona amefika kwa samaki wakati bado yuko mbali. Mzee alimkalisha mpwa kando ya mwamba mmoja na kumkataza kuwafukuza. Tropheus hukimbia, kisha hurudi kukwangua mwani palepale, maana mwamba ni wao. Picha bora zilipigwa samaki wakiwa nusu mita au chini ya hapo, wamerudi wenyewe.

Kuna suala la kuelea ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari havilisemi vizuri. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takribani asilimia 2.5. Kasha linalochukua nafasi ya lita moja hupoteza gramu 25 hivi za kuelea likiletwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Ni kidogo, lakini kwa kifaa kilichosawazishwa kwa ajili ya bahari hizo gramu zinaweza kugeuza kinachopanda kuwa kinachoshuka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, na sehemu nyingi za pwani yetu miamba ikiisha chini inaporomoka tu. Tulifunga kipande cha boya la nyavu kwenye kamba ya mkononi, tukaliachia kasha majini pembeni mwa boti kuhakikisha kwamba linapanda. Lilipanda, polepole.

Siku maji yalipoingia

Grisi ndogo iliyokuja na kasha iliisha. Kigoma mjini haikupatikana. Mpwa alitumia mafuta ya mgando ya kujipaka, na hakumwambia mtu kwa kuwa aliona ni jambo la kawaida. Fundi wa baiskeli angefanya hivyo hivyo.

Mafuta ya mgando hutokana na mafuta ghafi, na mafuta ya asili hiyo huvimbisha na kulegeza aina nyingi za mpira, silikoni ikiwemo. Oringi ilivimba kiasi cha kutotosha kwenye mfereji wake. Kwenye kona moja iliinuka, mlango ukafunga juu yake. Kwa macho ya haraka ilionekana sawa.

Mita mbili au tatu chini, mpwa aliona mapovu madogo yakitoka kwenye ukingo wa kasha mfululizo. Alijua mapovu yakitoka kuna kinachoingia. Alipanda mara moja. Alipofika juu hakufungua kwa pupa: Mzee alilifuta kasha lote kwa taulo, hasa kuzunguka mlango, akalishika maji yakiwa yamekusanyika kwenye kioo cha mbele, akafungua na kutoa betri kabla ya kufanya lingine lolote. Kulikuwa na maji ya kijiko kimoja hivi. Kamera ilikuwa imelowa ukingoni tu mwa lensi. Ilikaa wazi ndani ya boksi lenye vipakti vya kukausha hadi nilipoifungua mimi na kuikagua. Ilipona. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, na hilo liliisaidia sana. Kijiko hicho hicho cha maji ya Bahari ya Hindi kingeanza kula saketi kabla hawajafika nyumbani.

Kazi ilisimama mpaka oringi nyingine na grisi vilipofika kutoka Dar es Salaam. Oda moja ya mnunuzi ilichelewa kwa sababu hiyo.

Matokeo

Mnunuzi alikubali picha na akathibitisha oda ya duboisi wa mkanda wa njano. Tangu hapo kila oda ya Tropheus inatanguliwa na picha za mwamba. Kwa upande huo kasha limerudisha gharama yake.

Kwa samaki wadogo zaidi limeshindwa. Kuna sikilidi wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono kwenye mchanga, wengine hawafiki urefu wa kidole. Lensi ya Canon inahitaji nafasi mbele yake ili kufokasi, na kioo cha kasha kinaimeza sehemu ya nafasi hiyo. Picha za samaki hao ni ndogo, na ukizikuza hazina ukali. Pia umbo la kasha ni kubwa kwao. Likisogea tu, wote wanaingia ndani ya magamba, na mpwa anabaki akipiga picha za konokono.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuanza na kina cha kazi ndio uliookoa fedha nyingi zaidi. Namba kubwa ya mita ni rahisi kuuzia na rahisi kununulia, ila hailindi dhidi ya uzi, mchanga wala mafuta yasiyofaa, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoua kamera. Ningekuwa nachagua kwa ajili ya mtu anayezamia mita 30, hesabu ingebadilika, maana huko vitufe vya makasha dhaifu hubonyea vyenyewe kwa msukumo. Kwa mita nane haikuwa hoja.

Kudai picha ya namba ya kasha kabla ya kulipa kulizuia hasara ya laki kadhaa kwa ujumbe mmoja wa simu. Sioni sababu ya mtu yeyote kununua kasha lililotumika bila kufanya hivyo, na muuzaji anayekataa kutuma picha ya oringi ameshajibu swali.

Jaribio la karatasi lilifaa, ila lingekosa maana kama lingeishia kwenye ndoo. Doa lilionekana ziwani, baada ya kasha kupita kwenye boti, kwenye kanga, kwenye mikono ya watu. Kujaribu kifaa jikoni na kukitumia kwenye boti ni mambo mawili. Siku hizi kasha hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, na kanga na taulo za nyuzi haziruhusiwi kulikaribia mlango ukiwa wazi.

Kosa la mafuta ya mgando watu hulitupia mpwa, nami naona si haki. Oringi iliagizwa na grisi ikaachwa, huku kila mtu akijua kwamba haipatikani hapa. Aliyeachiwa kazi bila kifaa atatumia kilicho karibu. Kila mtengenezaji hutaja grisi ya oringi zake kwa sababu inayofaa mpira mmoja huharibu mwingine. Hata grisi ya silikoni huivimbisha oringi iliyotengenezwa kwa silikoni ya aina fulani. Vilevile grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuuteleza mpira ukae vizuri, na ikizidi inakamata uchafu. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha oringi nzima. Tulipomwonyesha mpwa hilo, alisema alikuwa akipaka "mpaka ing'ae".

Kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote: dawa ya kujipaka ya mbu. Zile zenye kemikali ya DEET huyeyusha plastiki ya aina nyingi, na kijana mmoja wa boti aliyelipokea kasha jioni akiwa amejipaka aliacha alama za vidole mgongoni mwake ambazo hazifutiki. Zingekuwa kwenye kioo cha mbele, kasha lingekuwa limekwisha.

Matunzo baada ya kazi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea, ingawa sababu waliyoitoa haikuwa sahihi. Walisuuza kasha kwa maji ya bomba "kuondoa chumvi". Chumvi ya kuondoa haipo, lakini maji ya Tanganyika yana magadi na chokaa kiasi kwamba tone likikaukia kwenye kioo linaacha duara jeupe, lile lile linaloonekana kwenye miamba ya ukingoni. Ukilisugua likiwa kavu unakwaruza plastiki. Kasha linalowekwa kwenye ndoo ya maji safi kabla halijakauka halipati alama hizo.

Swali lililobaki kwa kundi ni TG-6. Dada ameshaanza kuweka fedha kwa ajili yake, kwa sababu samaki wa magambani nao wana wanunuzi na Canon haitawafikia hata ikibembelezwa. Mzee anashikilia kwamba kwanza zinunuliwe oringi mbili za akiba na mirija miwili ya grisi kwa kasha lililopo. Namuunga mkono. Kamera ni ya 2016, na kwa vifaa vya umri huo oringi ndizo huwa za kwanza kuadimika madukani, wakati kamera yenyewe bado inapiga picha.